Mwindaji wa Nyangumi wa Igombwe

Nchi yetu haina bahari. Naliweka wazi hili mapema ili msomaji asije akanisumbua baadaye. Tuna ziwa moja linalokauka kila Agosti, tuna mito miwili, na tuna Wizara ya Bahari yenye waziri, naibu waziri na magari matatu. Wizara hiyo haijawahi kulalamikiwa na mtu yeyote, kwa kuwa haijawahi kukosea jambo lolote baharini. Jina la nchi sitalitaja. Kulitaja kwa maandishi kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kupisha semina ya utoaji wa vibali kwa haraka.

Mji wetu ni Igombwe. Mimi ni seremala wa hapo, na karakana yangu iko mlango wa tatu kutoka kituo cha afya. Natengeneza majeneza. Watu husema nilichagua mahali kwa akili, nami sijawahi kubisha. Pia ni mwanachama wa Klabu ya Mikono Wazi ya Igombwe, ndiyo maana naweza kuwasimulia habari za gari la wagonjwa na za nyangumi bila kubahatisha.

Umoja wa Mikono Wazi Duniani una klabu katika nchi zaidi ya mia, na kazi yake ni kuwatumikia watu kwa kujitolea. Muundo wake ni rahisi kabisa. Mimi niliuelewa kwa miaka minne tu. Klabu sita hufanya Kanda Ndogo, Kanda Ndogo tano hufanya Kanda, na Kanda kadhaa hufanya Wilaya, ambayo ni kubwa kuliko nchi. Wilaya yetu ina nchi tatu, mbili kati yake hazisemezani. Mkuu wa Wilaya ni Gavana. Juu ya Gavana yuko Mratibu wa Bara, na juu ya Mratibu yako Makao Makuu, katika mji mmoja wa baridi kali ambako barua zetu hukaa wiki sita kabla ya kufunguliwa, nadhani zikipashwa joto kwanza.

Klabu ya Igombwe ina watu ishirini na wanne, tunaoitana Mikono. Ishirini na watatu ni viongozi. Wa ishirini na nne ni Mwanachama wa Kawaida, cheo ambacho nacho kina joho lake na hugombewa vikali. Tuna Rais Aliyepita, Rais Aliyepo, Rais Mteule na Rais Mteule Mtarajiwa, na kila tarehe mosi Julai wote husogea nafasi moja, dunia nzima, siku hiyohiyo. Serikali yetu ililitazama jambo hili kwa mashaka makubwa. Afisa usalama alihudhuria vikao vyetu miezi mitatu akitaka kujua kiongozi anawezaje kuondoka madarakani angali mzima na bado anasalimiana na watu.

Kanuni zetu ni nyingi, ila nitazitaja mbili tu, maana ndizo zilizotuponza. Ya kwanza: kila taaluma ina mtu mmoja tu ndani ya klabu. Akiwepo mwanasheria, hawezi kuingia mwanasheria wa pili. Mimi niliingia kwa taaluma ya majeneza, kwa sababu useremala ulikuwa umeshachukuliwa na mtu mwenye duka la masofa kutoka nje. Ya pili: kikao hufunguliwa kwa kugonga kengele kwa nyundo, na hufungwa kwa kengele ileile na nyundo ileile, nyundo ya mti iliyotoka Makao Makuu ikiwa na namba kwenye mpini. Lililosemwa kabla ya kengele halikusemwa. Na kikao kisichogongewa mwishoni hakijaisha. Jumatano moja tulisahau kugonga tukaenda zetu nyumbani. Ilibidi turudi hotelini wote, mmoja akiwa na povu la sabuni masikioni, tukakaa vitini, kengele ikalia, ndipo tukaruhusiwa kuwa tumekwisha kuondoka.

Mtunza Kengele ni mimi.

*

Miaka michache nyuma Kabula, binti wa Fundi Masanyiwa mwenye gereji nyuma ya soko, alishikwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Hospitali ya mkoa iko kilomita arobaini. Wakampakia kwenye mkokoteni wa kubebea mahindi, wakaanza kusukuma. Walipofika kilomita ya kumi na nne mtoto alikuwa amefariki. Jeneza nilitengeneza mimi. Lilikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, sikuhitaji hata futi. Naandika haya nikiwa na hasira. Lakini klabu inatutaka tutabasamu wakati wote wa huduma, kwa hiyo niendelee.

Klabu iliguswa. Siku ya tatu baada ya mazishi Kabula alipigwa picha, akaombwa atabasamu, akashindwa. Picha ikapelekwa ngazi zote hadi kwa klabu rafiki katika nchi moja tajiri, na baada ya mwaka na nusu likaja gari la wagonjwa jeupe, lenye kitanda, king'ora, na picha ya Kabula ubavuni kubwa kama mlango. Chini yake waliandika: MNUFAIKA NAMBA MOJA. Mchoraji alikuwa amemwekea tabasamu.

Boneti la gari lilipigwa lakiri nyekundu, nene kama kipande cha sabuni. Masharti yalisema kwamba boneti lisifunguliwe na mtu yeyote isipokuwa mwanachama mwenye taaluma husika. Lakiri ikivunjwa na mtu wa nje, klabu itakaa, itathibitisha, na gari litapelekwa nchi nyingine ndani ya siku thelathini. Bi. Siwema, mkunga wetu, alisomewa masharti hayo mara tatu akatia saini.

Gari lilifanya kazi mwaka mzima. Lilibeba wanawake sitini na mmoja. Biashara yangu ya majeneza madogo ilianguka, nami nikafurahi, jambo ambalo sijalisikia kwa mfanyabiashara mwingine. Kisha, mwezi wa Novemba, mkanda wa feni ukakatika.

Masanyiwa alifika kituoni siku hiyohiyo akiwa na mkanda mpya begani. Alimkuta Bi. Siwema amesimama mbele ya boneti, mikono kiunoni.

"Nipishe, Sista. Dakika nne tu."

"Baba Kabula, hiyo lakiri ukiivunja wewe, gari linaondoka."

"Nani kasema?"

"Karatasi."

Masanyiwa akaitazama lakiri. Akaitazama picha ya mwanawe ikimchekea.

"Kabula ana mimba ya miezi miwili," akasema.

"Najua. Mimi ndiye niliyempima. Nenda klabuni, uwaombe wao. Wamelileta, hawawezi kukataa mkanda."

Bi. Siwema ni mwanamke mwenye akili nyingi. Hapo alikosea tu kwa kuwa hakuwahi kuhudhuria kikao.

*

Jumatano Masanyiwa alikuja hotelini mkanda ukiwa bado begani. Nilimpa Rais nyundo, akagonga kengele, akanirudishia. Rais wetu ni Mkono Kishimbo, wakala wa bima, mtu mwenye sauti nzuri ambayo huwa anaisikiliza mwenyewe. Alisimama.

"Mikono wenzangu! Mkanda ni nini? Wapo watakaosema ni mpira. Hao ni watu wasioona mbali. Mkanda ni mshikamano! Mkanda huunganisha kinachozunguka na kinachozungushwa! Je, sisi tutakubali nchi yetu izunguke bila mkanda?"

Tukapiga makofi. Masanyiwa naye akapiga, akidhani ameshakubaliwa. Ikaundwa Kamati ya Mkanda, na kazi ikakabidhiwa kwa Mkono wa taaluma ya Magari, ambaye pia ni Rais Mteule, Mkono Lukumbuja.

Lukumbuja huingiza magari yaliyotumika kutoka nje. Hajawahi kushika spana tangu azaliwe, ila ofisini kwake ipo picha yake akiwa ameshika moja, kaigeuza. Jumamosi alifika kituoni na glavu nyeupe, mpiga picha, na bendi ya shule ya msingi. Bendi ikapiga. Lukumbuja akalizunguka gari mara mbili, akafungua kifuniko cha tangi la mafuta, akachungulia ndani kwa muda mrefu.

"Naona tatizo ni zito," akasema.

"Mheshimiwa," Masanyiwa akamwambia kwa upole, "boneti liko mbele."

"Kuna magari na magari, mzee wangu."

"Basi vunja wewe lakiri, mkanda nitaufunga mimi."

"Nikishika mimi, nimeshika mimi. Ukishika wewe baada yangu, umeshika wewe."

Nililifikiria jambo hilo siku mbili nikaona ni kweli tupu. Picha ya Lukumbuja akichungulia tangi ilipelekwa Wilayani kwa jina la Matengenezo, Awamu ya Kwanza, na akapata utepe wa bluu. Baadaye aliombwa amwachie Masanyiwa nafasi ya Magari. Akauliza, je, yeye atakuwa nani? Hakuna aliyejua, akabaki nayo.

Ikabaki njia moja. Masanyiwa aingie klabu kwa taaluma nyingine, na akishakuwa mwanachama, tuone.

Umoja una Daftari la Taaluma, kitabu cha kurasa mia saba kilichoandikwa na waasisi. Katika klabu yetu zilibaki taaluma tatu tu ambazo hazijachukuliwa wala kushikiwa ndugu za viongozi: mchonga kalamu za manyoya ya bata, mkufunzi wa njiwa wa barua, na mwindaji wa nyangumi. Mbili za kwanza zilikuwa zimeshaombwa na mashemeji wa Rais.

"Nyangumi ndiyo nini?" Masanyiwa akauliza.

"Mnyama wa baharini," Rais akamjibu. "Mkubwa."

"Mkubwa kama nini?"

"Kama ukumbi huu."

Masanyiwa akaupima ukumbi kwa macho, kutoka jikoni hadi mlangoni. "Anakula nini?"

"Hilo halimo kwenye fomu."

"Nikiwa mwindaji wake, boneti nitafungua?"

"Utakuwa mwanachama," Rais akasema.

"Andika."

*

Fomu ziliondoka Januari. Kanda Ndogo ikapiga muhuri. Kanda ikapiga wake juu ya ule wa kwanza. Wilaya ikazirudisha, ikitaka ule wa kwanza upigwe upya mahali ambapo wa pili hautaufunika. Nchi zile mbili zisizosemezana zilipitisha fomu kwa kila moja kuziweka mezani na kutoka nje kabla mwenzake hajaingia.

Mwezi Machi Makao Makuu yakajibu kwa furaha ambayo hatukuitegemea. Tangu Umoja uanzishwe, walisema, bara letu halijawahi kutoa mwindaji wa nyangumi hata mmoja. Waliambatisha maswali. Jina la meli yake ni lipi? Ameua nyangumi wangapi kwa mwaka, kwa wastani? Mkono Kishimbo ni mtu mkweli pale ukweli usipomgharimu. Akajaza: Meli, hana. Nyangumi, sifuri.

Mwezi Mei ikaja barua nyingine. Makao Makuu yalikuwa yamesoma takwimu hizo kwa machozi. Mwindaji ambaye katika maisha yake yote ya kazi hakumdhuru nyangumi hata mmoja! Alipewa Tuzo ya Ulinzi wa Bahari. Waziri wetu wa Bahari akasimama bungeni, akasema juhudi za wizara yake zimeanza kuzaa matunda, akaomba gari la nne.

Wakati huo tumbo la Kabula lilikuwa limeshakuwa kubwa, na gari limesimama uani kituoni. Kila asubuhi dereva aliliwasha dakika mbili ili lisisahau kazi, kisha akalizima kabla halijachemka. Kina mama walirudi kwenye mikokoteni. Mwezi Februari nilitengeneza jeneza dogo moja. Aprili nilitengeneza mawili, na la pili nililirudia mara tatu kwa sababu nilikuwa nakosea vipimo.

Jioni moja Masanyiwa alikuja karakana, akakaa juu ya mbao zangu. Mkanda alikuwa ameufunga kiunoni chini ya shati, alishazoea kutembea nao.

"Seremala," akaniambia, "ukiniona nakuja na mkokoteni, tafadhali usianze kupima."

"Sitapima."

"Wewe ni mtu wao. Kwani hawa watu wana shida gani?"

Nilitaka kumweleza muundo. Nilianza na Kanda Ndogo. Aliondoka kabla sijafika kwa Gavana.

*

Jumamosi ya mwisho ya Juni, saa sita mchana, tulikaa kikao kikubwa kuliko vyote vya mwaka. Ajenda zilikuwa nne: Ziara ya Gavana, Kiapo cha Mwanachama Mpya, Tuzo, na mwisho kabisa, Rais kukabidhi nyundo kwa Rais Mteule. Lukumbuja alikuwa ameshashona suti ya kupokelea nyundo. Wanaume kumi na wanne walilisukuma gari la wagonjwa kutoka kituoni hadi uani mwa hoteli, likafungwa utepe, likawekwa chini ya turubai ili wageni walione. Kabula aliitwa akae kwenye kiti cha plastiki kando ya picha yake mwenyewe ili wageni wahakikishe kuwa ni yeye. Bi. Siwema hakualikwa. Alikuja na mkoba wake, akasimama nyuma ya kiti.

Nilimpa Rais nyundo. Akagonga, kikao kikafunguka. Akanirudishia, nikaiweka mapajani juu ya mto wake wa mahameli.

Kutambuana kwa itifaki kulichukua dakika hamsini. Kisha akasimama Gavana Bahemuka, mtu mnene mwenye beji kumi na saba, akauliza, "Huduma ni nini?" na akajijibu hadi supu ikapoa. Hatimaye Masanyiwa akaitwa mbele. Alikuwa amevishwa joho jipya lenye picha ya nyangumi kifuani, aliyedariziwa na fundi cherehani ambaye hajawahi kumwona nyangumi, kwa hiyo alikuwa na masikio. Akainua mkono wa kulia.

"Mimi, Masanyiwa, mwindaji wa nyangumi, naahidi kwamba mikono yangu—"

Mlango ukafunguka. Bi. Siwema hakupaza sauti.

"Baba Kabula. Ameanza. Na mtoto kakaa vibaya, kama yule."

Masanyiwa akashusha mkono.

"Mkono Masanyiwa," Rais akasema, "kiapo hakikatizwi."

"Mimi ni mwanachama au siyo mwanachama?"

Rais akafungua kitabu, akapekua. "Kwa hapa ulipofika, nusu."

"Hata angekuwa mzima," Lukumbuja akasimama, "taaluma yake ni nyangumi. Ndani ya lile gari hakuna nyangumi. Nina hakika, maana mimi ndiye niliyelikagua."

Watu wote wakamgeukia Gavana. Lakini kwa mujibu wa muundo wetu Gavana haamui mambo ya klabu, Gavana hutembelea. "Nimefurahi sana kutembelea," akasema, akakaa.

Rais akapendekeza kamati ndogo ya watu watatu iangalie suala la dharura na iwe imeleta majibu baada ya matunda. Wakaanza kutafuta watatu wa meza tofauti. Kule nje Kabula alilia mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayeijua njia ile na asiyetaka kuirudia, na Masanyiwa akawa amesimama katikati ya ukumbi na joho lake, mkono kiunoni pale mkanda ulipo. Sijawahi kuona mtu mzima akiwa mpweke vile mbele ya watu wengi.

Bi. Siwema alipita katikati ya meza akaja hadi nilipokaa. Akanyoosha mkono.

Kilichofuata nimeshakieleza kwenye taarifa rasmi ya Mtunza Kengele, na siwezi kuongeza neno: nyundo ilikuwa mapajani kwangu, kisha haikuwa.

Alitoka nayo. Tukatoka wote nyuma yake, na bendi ya shule ikadhani wakati umefika, ikapiga. Aliigonga lakiri mara ya kwanza, haikusikia. Mara ya pili ikapata ufa. Mara ya tatu vipande vikaruka hadi kwenye beji za Gavana. Masanyiwa akafungua joho, akachomoa mkanda kiunoni, akazama ndani ya boneti. Alisema dakika nne. Lukumbuja ana saa nzuri, akapima: dakika tatu na nusu.

Dereva akawasha. Kimya. Betri ilikuwa imechoka na zile dakika mbilimbili. Wale wanaume kumi na wanne wakaweka mabega nyuma ya gari, na hapo Mikono kadhaa tukasahau vyeo vyetu tukaweka yetu pia. Niliona joho la Mwanachama wa Kawaida likiburuzwa kwenye tope. Mimi nilisukuma kama sijawahi kusukuma kitu tangu nizaliwe, na nilikuwa natukana, sitaficha, nilikuwa nalitukana Daftari la Taaluma ukurasa kwa ukurasa. Injini ikakohoa, ikashika. Gari likatoka getini na utepe unapepea, Kabula mmoja ndani amelala anashika mkono wa baba yake, Bi. Siwema kando yao, Kabula mwingine nje anatabasamu.

Tukarudi ukumbini. Matunda yakaja. Saa kumi kasoro dakika ishirini simu yangu ikaita, alikuwa Bi. Siwema.

"Seremala. Wamempasua. Mtoto wa kike, wote wazima. Usipime kitu."

Nililia mbele ya Gavana, juu ya ule mto wa mahameli.

*

Msomaji mwenye akili atauliza kuhusu adhabu. Lukumbuja aliiulizia kabla sijamaliza kufuta machozi. Lakiri imevunjwa na mtu wa nje, akasema. Klabu ikae, ithibitishe, gari lirudishwe, na Masanyiwa afutwe kabla hajamaliza kuingia. Yalikuwa maneno ya haki kabisa kwa mujibu wa kanuni, na wengi wetu tulianza kuinua mikono.

Rais akasema sawa, ila kwanza ajenda iliyoko mezani iishe, nayo ni kiapo, ambacho mwenyewe yuko hospitali ya mkoa katikati ya sentensi. Basi tufunge kikao, Lukumbuja akasema, tufungue kingine. Rais akaninyooshea mkono apewe nyundo. Nikamwonyesha mto mtupu.

Nyundo haijaonekana hadi leo.

Bila nyundo kikao cha Jumamosi ile hakiwezi kufungwa, na kwa kuwa hakijafungwa, hakiwezi kufunguliwa kingine. Kuomba nyundo mpya Makao Makuu kunahitaji azimio la kikao kipya. Na Rais Mteule hawi Rais hadi nyundo iwekwe mkononi mwake. Mkono Kishimbo alikisoma kifungu hicho mara nyingi, kisha akaipokea hali hiyo kwa huzuni kubwa iliyomfanya anenepe. Huu ni mwaka wa pili tangu muda wake uishe, na bado yuko madarakani. Kila tarehe mosi Julai hutuhutubia. "Si mimi ninayeng'ang'ania," hutuambia, na sauti yake nzuri huwa inakatika kidogo, "ni taratibu." Yule afisa usalama amerudi kuhudhuria. Siku hizi haonekani kuwa na mashaka, anaandika kwa utulivu kama mtu aliyefika nyumbani.

Kwa hiyo kila Jumatano tunakula chakula cha mchana ndani ya kikao cha Jumamosi. Makao Makuu huandika barua wakiuliza habari za mwindaji wao. Hatuwezi kujibu. Na gari la wagonjwa, ambalo hakuna kikao cha kulirudisha, hutoka kituoni asubuhi na mchana na usiku. Masanyiwa hulibadilishia oili kila mwezi, kwa zile haki za nusu alizonazo. Mwaka huu sijatengeneza jeneza dogo hata moja. Nimeanza kuunda vitanda vya watoto, na bado sijazoea, navitengeneza vikiwa na vifuniko halafu navipasua.

Juzi Lukumbuja alikuja karakana akiwa na ile suti, imeshambana.

"Seremala, hebu tuambiane ukweli. Nyundo ya mti. Huwezi kuchonga nyingine?"

"Naweza. Dakika kumi."

"Sasa?"

"Taaluma yangu iliyoandikwa ni majeneza, Mkono Lukumbuja. Nikichonga mimi nyundo, nitakuwa nimeshika nini?"

Akalifikiria. Nadhani bado analifikiria.

Mimi hupita kituo cha afya kila wiki kupeleka vitanda. Mlango wa wodi ya wazazi ulikuwa na tabia ya kujifunga wenyewe, siku hizi haujifungi, maana chini yake kimewekwa kipande cha mti chenye mpini, na kwenye mpini kuna namba. Sijaulizwa. Nikiulizwa kikaoni, baada ya kengele, nitasema ukweli.

Wiki iliyopita Kabula alikuwa pale, amemleta mtoto kupimwa uzito. Mtoto anaitwa Siwema, anatembea sasa, na anapenda vitu vizito. Wakati mama yake anaongea na mkunga, alienda mlangoni, akaivuta nyundo kwa mikono miwili, akajikokota nayo hadi kwenye karai la bati lililogeuzwa kifudifudi sakafuni. Akainyanyua. Akagonga. Lile karai lililia sauti safi kabisa, ndefu, kama kengele ya kufunga kikao. Kichwani nilimwona Kishimbo akianguka, Lukumbuja akipanda, kikao kikikaa, gari likivushwa mpaka.

Kisha nikakumbuka kuwa kengele yenyewe iko hotelini kabatini, na ufunguo wa kabati ninao mimi mfukoni.

Nikaweka kitanda chini, nikamwacha agonge.